Mwene na Kiti Chake: Neno "Mwenyekiti" Likitazamwa Kutoka Milanzi

Imezoeleka kusemwa kwamba "mwenyekiti" ni tafsiri tu ya neno la Kiingereza "chairman". Dai hilo lina ukweli nusu. Nusu ya pili nitaitafuta Ufipa, nchi ya Wafipa, kusini-magharibi mwa Tanzania.

Tuanze na Waingereza, ambao nao waliazima. "Chair" walilitoa katika Kifaransa cha kale, chaiere. Wafaransa wakalirithi kwenye Kilatini, cathedra. Warumi wakalichukua kwa Wagiriki, kathedra: kata ni chini, hedra ni kikalio. Kanisa lenye kiti cha askofu likaitwa kathedrali kwa sababu hiyohiyo. Profesa naye ana kiti chake, na hapa Kiswahili kilichagua vizuri: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha uprofesa wa heshima kwa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 2008, kiliuita Kigoda. Karne ya 17 Waingereza walibandika "man" nyuma ya kiti, wakapata mtu wa kiti. Mtu tu.

Kiswahili hakikusema "mtu wa kiti". Kilisema mwenye, na neno hilo lilikuwa limetawala muda mrefu kabla Mwingereza hajafika. Kwa Wafipa, mtawala ni mwene. Unguja palikuwa na Mwinyi Mkuu, mwenye makao yake Dunga. Kusini, Wareno walikutana na Mwene Mutapa. Shina ni moja: mwenye nchi. Kiti nacho ni cha Kibantu, ki- na -ti ileile ya mti, yaani kitu cha mti. Ramani ya neno huenda ilitoka Uingereza. Mbao zote ni za hapa. Tazama pia wingi wake. Mwingereza huzidisha watu na kukiacha kiti kimoja, lakini sisi tunasema wenyeviti, kila mwenye na chake.

Sasa Milanzi, jina ambalo leo ni la kata katika Manispaa ya Sumbawanga. Katika masimulizi ya Wafipa, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliyachambua kwenye kitabu chake cha mwaka 1981, Milanzi ndiko ulikoanzia utawala, na mwene wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni. Siku moja mwene wa Milanzi alikwenda kuwinda. Nyuma wakaja wageni, wanawake watatu. Baadhi ya wasimulizi husema mkewe alikuwa ameonywa asikitoe kiti cha mumewe, na akakitoa, nao wakakikalia. Mwene aliporudi kutoka porini, nchi ilikuwa na wenyewe wengine. Uzao wa wanawake hao, nasaba ya Watwa, ukatawala Nkansi na Lyangalile. Wilaya ya Nkasi ya leo imebeba jina hilo. Milanzi ikabakiwa na eneo dogo na heshima ya ukongwe.

Waingereza wamebishana miaka mingi kama mwanamke aitwe "chairman". Swali hilo halitafsiriki Milanzi, kwa kuwa "mwenye" hana jinsia, na waliokikalia kiti katika kisa hiki walikuwa wanawake.

Ila kisa kinafichua jambo zito zaidi kuhusu "mwenye". Mwenye nyumba anaimiliki. Mwenye homa haimiliki homa. Anayo tu, nayo itamtoka. Neno letu limebeba maana zote mbili, na mwene wa Milanzi alijua ya kwanza hadi siku aliyorudi kutoka mawindoni akafundishwa ya pili. Anayesimama kwenye mkutano wa mtaa, akainamisha kichwa kidogo kuelekea kiti cha plastiki kilichowekwa nyuma ya meza na kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti", anatumia neno lenye utata huo bila kuuhisi. Kuna wenyeviti wanaousikia upande mmoja tu wa neno, ule wa mwenye nyumba. Hao wanakosea hata kisarufi.

Sheria za Tanganyika ziliufuta utawala wa machifu mwaka 1963. Milanzi ya sasa ina wenyeviti, na kura za nafasi hizo hupigwa kila baada ya miaka 5.