Walimu wa UPE na lawama isiyo yao

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara, ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa wote (kwa Kiingereza Universal Primary Education, UPE), iliyokuwa imepangwa kufikiwa 1989, ifikiwe 1977. Mwaka ule wa 1974 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2, kufika 1980 walikwishapita milioni 3. Vyuo vya ualimu vilitoa walimu elfu chache kwa mwaka, ilhali waliotakiwa walikuwa makumi ya maelfu. Ndipo serikali ilipochukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwapanga katika shule za vijijini, wafundishe huku wakisomea ualimu papo hapo: masomo kwa posta, vipindi vya redio, wakufunzi wa kuwatembelea, na mwishoni wiki chache chuoni. Watani wakaifasiri UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na mzaha huo umegeuka kuwa historia yenyewe: shule zikitajwa kuwa zimeporomoka, wa kwanza kulaumiwa ni walimu hao.

Lawama hiyo haisimami vizuri mbele ya ushahidi. Utafiti wa Mählck na Temu, uliochapishwa 1989, uliwalinganisha walimu hao na wenzao waliopitia vyuoni. Waliotoka chuoni waliwatangulia katika baadhi ya mambo, lakini darasani pengo halikuwa kubwa kama masimulizi yanavyodai. Wala si ajabu. Anayejifunza ualimu mbele ya watoto huona siku hiyo hiyo kama mbinu yake inafaa, wakati mwanachuo husubiri majuma ya mazoezi ya kufundisha. Mtu atauliza: darasa la saba linatosha kweli kumfundisha mtoto wa darasa la saba? Halitoshi, hasa katika sayansi na Kiingereza, na hapo wapinzani wana haki yao. Ila upungufu wa maarifa ya somo ni jambo linalozibika kwa kumsomesha mwalimu zaidi, na mpango ulipoanza ulikuwa na njia ya kufanya hivyo. Kilichofuata ni vita vya Kagera dhidi ya Uganda, kupanda kwa bei ya mafuta, na miaka ya themanini iliyokausha hazina. Madarasa yalifurika, vitabu vikaadimika, na mwalimu aliyekwisha kupata cheti aliachwa peke yake na chaki. Mwalimu yeyote, hata mwenye shahada, angechoka katika hali hiyo.

Miaka hiyo hiyo nchi iliendelea kuwachuja wanafunzi bora na kuwapeleka Ilboru, Mzumbe au Kilakala, shule zinazoitwa za vipaji maalumu. Sizipingi. Lakini kipaji cha mtoto wa kijijini huonekana tu kama mwalimu wa kijijini amekikuza hadi mtihani wa darasa la saba, na mara nyingi mwalimu huyo alikuwa wa UPE.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa 2001, madarasa yalifurika tena, na wazo la kujifunzia ualimu kazini likarudi: chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ualimu ukasomwa mwaka mmoja chuoni na mmoja shuleni. Baadaye mafunzo yalirudishwa kuwa miaka miwili chuoni.