Kihariri kamili cha msimbo

Kihariri kamili cha msimbo ni programu ya kompyuta inayomwezesha mtayarishaji programu kuandika msimbo, kuukagua, kuuendesha na kusaka hitilafu zake bila kutoka kwenye dirisha moja. Katika kundi hili vimo Visual Studio ya Microsoft, IntelliJ IDEA ya JetBrains, Eclipse, NetBeans, Xcode ya Apple na Android Studio ya Google. Visual Studio Code, kilichotangazwa mwaka 2015, kilikuja kwa sifa ya wepesi, lakini kikishajazwa viendelezi, yaani programu ndogo za nyongeza, kinaingia kundi hilohilo. Upande wa pili viko vihariri vya maandishi matupu kama Notepad, ambacho hakitofautishi msimbo na barua ya kuomba kazi.

Historia

Kwa watumiaji wengi wa kompyuta ndogo za mwanzo, kazi ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mtu aliandika kwa programu moja, akaifunga, akaita kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), akanukuu namba ya mstari wenye kosa, kisha akafungua tena kihariri ili autafute. Mwaka 1983 kampuni ya Borland ya Marekani ilitoa Turbo Pascal kwa dola 49.95. Humo kihariri na kompaila vilikaa pamoja, na kosa likionekana, kielekezi kilijipeleka chenyewe palipoharibika. Kompaila yake iliandikwa na Mdenmark Anders Hejlsberg, ambaye baadaye, akiwa Microsoft, aliongoza uundaji wa TypeScript, lugha iliyotumika kuandika Visual Studio Code. NetBeans ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi mjini Prague. Eclipse ya IBM na IntelliJ IDEA zilitoka mwaka 2001.

Faida

Wageni huvutiwa kwanza na rangi zinazotofautisha sehemu za msimbo, lakini rangi zinapatikana hata kwenye vihariri vidogo. Faida kubwa ni kwamba kihariri kamili kinaujua muundo wa msimbo. Chukua programu ya kusimamia nyumba za kupangisha. Faili moja lina jina “kodi” kwa maana ya malipo ya mpangaji. Faili jingine lina “kodi” ya serikali. Mtayarishaji anaamua ile ya kwanza iitwe “pango”. Akitumia tafuta-na-badilisha ya kawaida, kodi ya serikali nayo inageuka pango, “kodisha” inakuwa “pangosha”, na mpangaji anapewa risiti yenye maneno ya ajabu. Kihariri kamili hubadilisha jina lile lililokusudiwa tu, popote linapotumika, hata likiwa limetawanyika katika mafaili 200.

Kisha kuna kitatuzi, ambacho pekee kinatosha kumshawishi mtu avumilie mengine yote. Tuseme salio la mpangaji linatoka hasi bila sababu. Unaweka alama kwenye mstari unaoushuku, unaendesha programu, nayo inasimama hapohapo huku thamani za majina yote zikionekana pembeni. Unasogea mstari mmoja mmoja mpaka uone hesabu inapopinda. Asiye na kitatuzi huchomeka amri za kuchapisha kila mahali, na mara nyingi husahau kuziondoa kabla programu haijamfikia mteja.

Zamani kila kihariri kilipaswa kufundishwa kila lugha peke yake. Mwaka 2016 Microsoft ilitangaza itifaki ya seva ya lugha: ujuzi wa lugha unakaa katika programu ya pembeni, na kihariri chochote kinaweza kuiuliza. Kwa njia hiyo hata Vim na Emacs, wazee wa miaka mingi, vinapata ukamilishaji wa majina na maonyo ya makosa. Tangu hapo mpaka kati ya kihariri chepesi na kizito umefifia sana.

Hasara

Uzito ndio mzigo wa kwanza. Miaka ya 1980 watu walikitania Emacs kwamba kinakula megabaiti 8 za kumbukumbu. Leo Android Studio inadai GB 8 za RAM kama kima cha chini, na kompyuta yenye kiasi hichohicho hulemewa mara kifaa cha kuiga simu kinapowashwa. Mradi mpya wa Android hupakua mamia ya megabaiti za zana kabla haujaonyesha neno moja kwenye skrini, na kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku hilo ni jambo zito kuliko ubora wowote wa kihariri.

Hasara nyingine haionekani haraka. Mwanafunzi aliyezoea kubonyeza pembetatu ya kijani ya kuendesha programu hajui ni amri gani zinazoita kompaila wala mafaili yake yanakwenda wapi. Siku anapoingia kwenye seva isiyo na madirisha, anakutana na vi au Vim na hawezi hata kutoka. Kufikia mwaka 2017, swali la jinsi ya kutoka Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja katika tovuti ya Stack Overflow.

Ipo pia hatari ya usalama, na hii haizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2015 watayarishaji wengi nchini China, wakichoshwa na upakuaji wa polepole kutoka Apple, walichukua nakala za Xcode zilizowekwa kwingine. Nakala hizo zilikuwa zimechezewa, na kila programu iliyotengenezwa nazo ilibeba msimbo mbaya uliopewa jina XcodeGhost. Hata toleo moja la WeChat liliambukizwa. Mahali ambapo visakinishi hupitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono, mlango ni uleule. Viendelezi vya Visual Studio Code navyo huendeshwa kwa ruhusa zote kilizonazo kihariri chenyewe, kwa hiyo kiendelezi kibaya kinaweza kusoma manenosiri yaliyomo kwenye mafaili. Wasaidizi wa akili bandia kama GitHub Copilot, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, hutuma sehemu za msimbo kwenye seva za mbali. Mwajiri anayetunza siri za wateja lazima aulizwe kabla.

Uchaguzi

Kinachoamua ni ukubwa wa kazi, wala si ufundi wa mtu. Hati ya Python ya mistari 50 haihitaji kihariri kamili. Mfumo wa Java wenye mamia ya mafaili hauwezekani kwa raha bila hicho. Anayeanza Python kwenye kompyuta dhaifu ahudumiwe na Thonny, kihariri kidogo kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, ambacho kina kitatuzi kinachoonyesha hesabu hatua kwa hatua. Kwa Android uhuru ni mdogo zaidi: Google iliacha kuhudumia zana zake za Eclipse mwishoni mwa mwaka 2015. Chochote kitakachochaguliwa, kipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, hata kama itachukua usiku kucha.