Kabla ya leza kulikuwa na msuli

Ukikutana na tangazo la "tiba ya leza ya mpasuko wa njia ya haja kubwa", ngoja kwanza kabla hujatoa hela. Historia ya ugonjwa huu inakupa swali la kuuliza: hiyo leza inakwenda kukata nini?

Mpasuko huu ni mchaniko mdogo kwenye ngozi laini ya tundu la haja kubwa. Si bawasiri, ingawa mtaani vyote hupewa jina moja. Mara nyingi huanza na choo kigumu. Ukienda haja ni kama unapitisha vipande vya chupa, na damu kidogo hutoka. Wengi hupona wenyewe. Usipopona kwa wiki sita hadi nane, huitwa sugu.

Sasa kwa nini mwingine haponi? Mwaka 1818, daktari Mfaransa Alexis Boyer aliona shida haiko kwenye kidonda tu, bali pia kwenye msuli unaobana njia ile. Akaukata. Mfaransa mwenzake, Récamier, yeye aliutanua kwa nguvu. Njia ya kutanua iliendelea kutumika hadi karne ya 20, ila baadhi ya wagonjwa walibaki hawawezi kuzuia choo.

Mwaka 1951, Stephen Eisenhammer wa Afrika Kusini aliandika kwamba wa kukatwa ni msuli wa ndani, ule unaojibana wenyewe bila wewe kuuamrisha. Ukikatwa kwa nyuma, ulikuwa unaacha kama mfereji, na nguo zinachafuka. Basi wapasuaji wakahamia pembeni. Mwaka 1969, Notaras alieleza jinsi ya kuukata pembeni kupitia tundu dogo chini ya ngozi. Miaka ya 1990 vipimo vikaonyesha sababu: msuli ukikaza sana, damu haifiki vizuri kwenye kidonda. Ndipo zikaja dawa za kupaka na sindano za kuulegeza bila kisu.

Na leza? Ya kwanza iliwashwa na Maiman, Marekani, mwaka 1960. Mwaka 1964 Patel akatengeneza leza ya kaboni dioksaidi. Mwanga wake hunyonywa na maji yaliyo mwilini, kwa hiyo hukata nyama huku ukiziba mishipa midogo ya damu. Ni kisu kizuri, lakini ni kisu tu. Ikikata msuli, hatari ya kushindwa kuzuia gesi au choo bado ipo. Ikichoma kidonda na kuuacha msuli umekaza, chanzo kimebaki palepale.

Kwa hiyo muulize daktari: "Msuli wangu utalegezwaje? Dawa ya kupaka imeshajaribiwa? Na choo changu kimelainika?" Maji, mboga na matunda bado ndiyo hatua ya kwanza. Na damu ikitoka, usijitibu kwa kubahatisha wala usione aibu. Nenda ukapimwe, maana si kila damu inatokana na mpasuko.