Nasaba na Shahidi Wake: Marejeo ya Vyanzo katika Programu za Ukoo

Mtu aandikapo ya kuwa fulani ni mwana wa fulani, na kwamba alizaliwa mwaka fulani mahali fulani, hutoa madai mawili kwa pamoja. La kwanza ni habari yenyewe. La pili, ambalo aghalabu halitamkwi, ni kwamba yupo aliyeijua habari hiyo akaiacha mahali ambapo mtu mwingine aweza kwenda kuitazama. Dai hili la pili ndilo liitwalo rejeo la chanzo. Likikosekana, habari haigeuki kuwa uongo, lakini haipimiki tena. Na nasaba isiyopimika ni nusu ya nasaba. Makala haya yaeleza jinsi rejeo hilo lilivyotendewa tangu nasaba zilipoanza kuandikwa katika kompyuta za nyumbani, katika miaka ya 1980, hata leo, na hasa lililolipata kila lilipohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine.

Jambo hili si geni kwa wasomao maandiko ya pwani ya Afrika Mashariki. Wanazuoni wa hadithi za Mtume wamezoea tangu zamani kuitanguliza isnadi, yaani mfuatano wa majina ya waliopokezana habari, kabla ya habari yenyewe. Na waandishi wa tarehe za miji ya pwani waliirithi desturi hiyo kwa kiasi chao. Mfano ulio wazi ni habari za Pate, zisimuliazo enzi ya masultani wa Kinabahani. C. H. Stigand alichapa habari hizo kwa Kiingereza mwaka 1913, Alice Werner alichapa maandishi ya Kiswahili pamoja na tafsiri katika miaka ya 1914 na 1915, M. Heepe alitoa nakala nyingine mwaka 1928. Na mwaka 1993 Marina Tolmacheva alizikusanya nakala mbalimbali katika kitabu kimoja. Aitazamaye orodha hiyo kwa haraka aweza kudhani kwamba mashahidi wa habari za Pate ni wengi. Lakini nyingi katika nakala hizo zarudi kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabhani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini, naye yasemwa alizipokea kwa babu yake, Bwana Simba. Kitabu cha asili, kwa masimulizi ya wenyewe, kilipotea Waingereza walipoushambulia mji wa Witu mwaka 1890.

Basi nakala ni nyingi, na mdomo ni mmoja. Kama wanakili wasingalitaja jina la Bwana Kitini, mwanahistoria wa leo angalizihesabu nakala zile kuwa ni mashahidi mbalimbali wanaokubaliana, na kukubaliana kwao angalikufanya kuwa hoja. Mstari mmoja wa sanadi ndio uliomwokoa na kosa hilo. Msomaji na auweke mfano huu moyoni, kwani tatizo la programu za ukoo ni hilohilo, ila limekuzwa mara nyingi kwa wepesi wa kunakili.

Chimbuko la programu hizo liko Utah, katika Marekani. Huko, mwaka 1894, watu wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho waliunda chama cha nasaba, kwa kuwa dini yao yawataka wafanye ibada maalumu kwa ajili ya jamaa zao waliokwisha kufa, na haiwezekani kumfanyia ibada mtu asiyejulikana jina. Tangu mwaka 1938 chama hicho kilipiga picha madaftari ya makanisa na ya serikali katika nchi nyingi kwa filamu ndogo. Mwaka 1984 kanisa hilo lilitoa programu iitwayo Personal Ancestral File, na katika mwaka huohuo likatoa pia utaratibu wa kuhamisha habari za nasaba kati ya kompyuta na kompyuta, ulioitwa GEDCOM. Programu nyingine zilipotokea, zilijifunza kusoma na kuandika kwa utaratibu huo, hata ukawa ndio lugha ya mawasiliano baina ya programu zote za ukoo.

Kuiita lugha si kutia chumvi, kwani ina sarufi yake. Kila mstari wa GEDCOM huanza kwa tarakimu ya ngazi: 0 ni mwanzo wa kumbukumbu, 1 ni jambo lililo chini ya kumbukumbu hiyo, 2 ni jambo lililo chini ya lile la 1, na kuendelea. Baada ya tarakimu huja alama fupi ya herufi: INDI kwa mtu, BIRT kwa kuzaliwa, DATE kwa tarehe, SOUR kwa chanzo. Maana ya alama hutegemea mahali pake. SOUR iliyo katika ngazi ya 0 ni kumbukumbu ya chanzo chenyewe, kama vile daftari au kitabu. SOUR iliyo chini ya BIRT ni rejeo, lisemalo kwamba habari hii ya kuzaliwa yatoka katika daftari lile. Na SOUR iliyo katika kichwa cha faili haina uhusiano wowote na mashahidi wa nasaba. Hapo yataja programu iliyolitengeneza faili. Neno moja, basi, limebebeshwa kazi tatu.

Katika miaka ya kwanza rejeo halikuwa na chumba chake. Matoleo ya mwanzo ya Personal Ancestral File yalikuwa na nafasi za jina, tarehe, mahali, wazazi na ndoa. Chanzo kiliandikwa katika maelezo huru ya mtu, kama mtu aandikavyo pambizoni mwa kitabu. Watumiaji wengi walianza maelezo ya namna hiyo kwa alama ya mshangao, ili yatofautike na maelezo mengine. Njia hii ilikuwa duni, lakini ilikuwa na fadhila moja: sentensi iliyoandikwa kwa ukamilifu ilihama kwa ukamilifu, kwa kuwa programu ya pili haikujaribu kuifahamu.

Toleo la 5.5 la GEDCOM, lililotolewa mwaka 1996, liliweka mambo katika mpango. Chanzo kilipewa kumbukumbu yake yenye nafasi za mwandishi, anwani, habari za uchapaji na mahali kilipohifadhiwa. Rejeo nalo likapewa nafasi ya ukurasa, nafasi ya maneno yaliyonakiliwa kutoka katika chanzo, na kipimo cha uthabiti kiitwacho QUAY, chenye daraja nne kutoka 0 hadi 3. Daraja ya 0 ni ya habari isiyotegemewa au iliyokadiriwa. Ya 1 ni ya ushahidi wenye shaka. Ya 2 ni ya ushahidi wa mkono wa pili. Na ya 3 ni ya ushahidi wa wazi ulio wa mkono wa kwanza.

Kipimo hicho ni jaribio la kusifika, lakini chachanganya maswali yaliyo mbalimbali. Elizabeth Shown Mills, mtaalamu wa nasaba wa Marekani, aliyetoa kitabu cha Evidence! mwaka 1997 na kile kikubwa zaidi cha Evidence Explained mwaka 2007, amefundisha kuyatenga mambo matatu: kama chanzo ni cha asili au ni nakala, kama mtoa habari alishuhudia jambo au alisikia tu, na kama ushahidi wajibu swali kwa wazi au kwa kukisiwa. Tuchukue cheti cha kifo. Tarehe ya kufa aliitoa mtu aliyekuwapo. Tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, iliyo katika cheti hichohicho, aliitoa mwanawe, ambaye hakuwapo mzazi wake alipozaliwa. Karatasi ni moja, mashahidi ni wa namna mbili. Tarakimu moja haiwezi kumweleza msomaji ajaye ni kwa sababu gani habari hii ilipewa 2 na ile ikapewa 3.

Vitabu vya Mills vilizaa tatizo jingine ambalo hakulikusudia. Programu kadhaa, zikiwamo RootsMagic na Legacy, ziliweka violezo vilivyofuata mafundisho yake. Mtumiaji alichagua namna ya chanzo, kwa mfano daftari la ubatizo lililotazamwa katika filamu, na programu ikamwuliza kwa mpango: parokia gani, daftari la miaka gani, ingizo la ngapi, filamu namba ngapi, imehifadhiwa wapi. Rejeo lililotokea lilikuwa safi. Lakini GEDCOM haikuwa na vyumba vya mambo hayo yote. Kwa hiyo wakati wa kuhamisha, programu ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuyaunganisha majibu kadhaa na kuyatia katika nafasi ya anwani au ya ukurasa. Ya pili ni kubuni alama zake yenyewe, zianzazo kwa mstari wa chini, ambazo utaratibu umeziruhusu lakini programu nyingine haina wajibu wa kuzifahamu. Katika njia ya kwanza maneno hubaki na uhusiano wake hupotea, mithili ya sentensi ya Kiswahili iliyong'olewa viambishi vyote vya upatanisho. Katika njia ya pili mpokeaji aweza kuyaacha maneno yenyewe njiani.

Hasara hii ilidhihirika programu zilipokufa. Personal Ancestral File ilisimamishwa mwaka 2013. Mwaka uliofuata ilitangazwa kwamba programu ya The Master Genealogist, iliyopendwa na watafiti makini kwa utajiri wa marejeo yake, haitaendelezwa tena. Wenye kazi ya miaka mingi ndani yake walilazimika kuhama, na waliotumia GEDCOM waliona majina na tarehe zikifika salama, na marejeo yakifika yamevunjika. Ndipo baadhi ya programu, RootsMagic ikiwa mojawapo, zikatengeneza njia ya kusoma mafaili ya programu hiyo moja kwa moja, bila ya kupitia GEDCOM. Huu ulikuwa ukiri kwamba lugha ya mawasiliano haikutosha kumbeba shahidi.

Kuna hasara nyingine iliyo kinyume cha kupotea, nayo ni kuzidi. Ingizo moja la ubatizo laweza kuthibitisha jina la mtoto, tarehe, baba na mama. Katika GEDCOM rejeo hilo huandikwa upya chini ya kila jambo. Likipokelewa na programu isiyo na akili ya kuviunganisha vilivyo sawa, rejeo moja huwa manne. Gramps, programu inayotolewa bure, ilitenga rejeo na chanzo mwaka 2012, kila kimoja kikawa na kumbukumbu yake, ili rejeo moja litumike mahali pengi. Kosa hili laonekana dogo, lakini akili ya msomaji huona wingi wa marejeo ikadhani ni wingi wa ushahidi. Na anayenakili mti wa mwenzake, kisha mwenzake wa tatu akainakili nakala hiyo, hutengeneza kwa siku moja kile ambacho nakala za Pate zilikifanya kwa miongo mingi.

Toleo la 5.5.1 lilibaki rasimu kwa miaka ishirini, tangu 1999 hata 2019, ingawa programu nyingi zilikuwa zikilitumia. Mwaka 2021 FamilySearch, chombo cha kanisa lilelile, ilitoa toleo la 7.0. Hili limeondoa kikomo cha urefu wa mstari, kilichokuwa kikiyakata maneno marefu vipande vipande. Limelazimisha mwandiko wa UTF-8, hata anwani ya hati iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu yaweza kusafiri kama ilivyo. Limetoa pia njia ya kuzieleza alama za ziada, ili mpokeaji ajue maana yake mahali pa kukisia. Haya ni maendeleo ya kweli.

Hata hivyo, orodha yake ya namna za vyanzo yastahili kutazamwa na Waswahili kwa jicho la makini. Imo sauti iliyorekodiwa, kitabu, filamu, ramani, gazeti, hati ya mkono, picha, hata jiwe la kaburi. Mtu mwenyewe asimuliaye hana nafasi yake; huingia kama kinasa sauti kilikuwapo, au huwekwa katika fungu la vinginevyo. Orodha hii ni ya vitu vihifadhivyo maneno, na watungaji wake walitoka katika nchi ambazo kuzaliwa na kuoana kwa watu wengi kuliandikwa katika madaftari. Bwana Kitini angeingizwa humo kwa jina la karatasi iliyonakiliwa kwake.

Yafuatayo, basi, ndiyo yampasayo mwenye kuandika ukoo wake katika kompyuta. Na aandike rejeo kwa sentensi kamili katika nafasi ya maelezo, hata kama kiolezo kimejazwa, kwa kuwa sentensi huvumilia safari kuliko kiolezo. Na ataje alichokiona yeye mwenyewe: kama aliona nakala, aseme ni nakala, wala asitaje asili asiyoigusa. Akipewa habari kwa mdomo, ataje msemaji, siku, mahali, na aliyempa msemaji habari hiyo. Kabla ya kuacha programu ya zamani, ahamishe mtu mmoja mwenye marejeo mengi, afungue faili katika programu mpya, na alinganishe rejeo kwa rejeo. Tena alihifadhi faili la zamani, lisifutwe.

Jina lililo katika mti wa kompyuta huonekana sawasawa, liwe limethibitishwa au limekisiwa. Mwandiko wake ni mmoja na kisanduku chake ni kimoja. Hati ya mkono humwonya msomaji kwa wino uliofifia na ukurasa ulioliwa na mchwa, lakini kioo cha kompyuta hakimwonyi. Onyo pekee lililosalia humo ni rejeo la chanzo, na mjukuu atakayeupokea mti huo hatakuwa na mtu wa kumwuliza.