Nepal: Nchi ya Milima Inayomtaka Mgeni Apande Polepole

Nepal ni nchi isiyo na bahari iliyoko Asia ya Kusini. Inapakana na China upande wa kaskazini, na India upande wa kusini, mashariki na magharibi. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 147,000, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021 ina wakazi wapatao milioni 29. Kutoka kusini hadi kaskazini, upana wake kwa wastani haufiki kilomita 200, lakini katika umbali huo mfupi ardhi inapanda kutoka chini ya mita 100 juu ya usawa wa bahari hadi kilele kirefu kuliko vyote duniani. Tofauti hiyo ya mwinuko inaathiri kilimo, barabara na riziki za watu, na ni jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kulielewa.

Kanda tatu za nchi

Kusini ni Terai, uwanda wenye joto na rutuba unaolimwa mpunga kwa wingi. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Chitwan, iliyoanzishwa mwaka 1973, ambayo ni makazi ya faru wenye pembe moja na simbamarara. Lumbini, mahali panapoheshimiwa na Wabuddha kuwa ndipo alipozaliwa Buddha, pia iko katika ukanda huu.

Katikati ni eneo la vilima na mabonde. Mji mkuu, Kathmandu, uko katika bonde lenye mwinuko wa takriban mita 1,400, yaani chini kuliko Nairobi.

Kaskazini imesimama safu ya Himalaya. Kati ya milima 14 duniani inayozidi mita 8,000, minane iko ndani ya Nepal au mpakani mwake. Mrefu kuliko yote ni Everest, ambao kwa Kinepali huitwa Sagarmatha. Mwaka 2020 Nepal na China zilitangaza kwa pamoja kuwa una urefu wa mita 8,848.86. Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay walikuwa wa kwanza kuthibitishwa kufika kileleni, tarehe 29 Mei 1953.

Watu na historia ya karibuni

Nepal ina lugha zaidi ya 120, na Kinepali ndicho lugha rasmi ya taifa. Zaidi ya asilimia 80 ya wananchi ni Wahindu. Wapo pia Wabuddha, Waislamu na Wakristo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1996 hadi 2006, ufalme ulifutwa mwezi Mei 2008 na nchi ikawa jamhuri. Katiba ya mwaka 2015 iliigawa katika majimbo saba.

Tarehe 25 Aprili 2015, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.8 liliua watu karibu 9,000 na kubomoa mahekalu mengi ya kale ya Bonde la Kathmandu. Mengi yamejengwa upya.

Mashamba ya milimani ni madogo, kwa hiyo familia nyingi hutegemea fedha zinazotumwa na jamaa walioko ng'ambo, hasa Malaysia na nchi za Ghuba, ambako Wanepali hufanya kazi pamoja na vijana wa Afrika Mashariki.

Mambo ya kuandaa

Misimu mizuri ya kutembelea milima ni Oktoba na Novemba, kisha Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni majira ya mvua za masika ya Asia, ambapo maporomoko ya udongo hufunga barabara mara kwa mara.

Raia wa nchi nyingi hupata viza wanapowasili Kathmandu, lakini wa baadhi ya nchi za Afrika hutakiwa kuiomba mapema. Ni vyema kuuliza ubalozini kabla ya kununua tiketi. Saa za Nepal zinatangulia saa za Afrika Mashariki kwa saa 2 na dakika 45: ikiwa ni saa sita mchana Dar es Salaam, Kathmandu ni saa tisa kasorobo alasiri.

Mgeni huvua viatu kabla ya kuingia hekaluni, na huzunguka minara ya Kibuddha akiiacha upande wake wa kulia.

Hatari ya mwinuko

Wageni wengi huenda kuutazama Everest kwa kupanda ndege ndogo hadi Lukla, penye mwinuko wa takriban mita 2,860, kisha hutembea siku kadhaa hadi kambi ya chini ya mlima huo, mita 5,364. Hewa ya huko ina oksijeni chache, na mwili huhitaji muda kuizoea. Dalili za kwanza za ugonjwa wa mwinuko ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi.

Ujana na nguvu si kinga. Aliyewahi kufika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, amekwisha kupita mwinuko wa kambi hiyo, lakini mazoea hayo ya mwili hupotea baada ya wiki chache tu. Waganga wa milimani hushauri kwamba, ukishapita mita 3,000, usilale kila usiku juu zaidi ya mita 500 kuliko usiku uliotangulia, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Mtu anayehema akiwa amekaa, anayepepesuka au anayechanganyikiwa hapaswi kusubiri mapambazuko: ateremshwe mara moja, akisindikizwa.

Ushauri huo unawahusu wapagazi pia. Wengi wao si Washerpa waliozaliwa juu milimani, bali ni wakulima wa vilima vya chini, na huugua kama mgeni yeyote. Baadhi huficha maumivu wakihofia kupoteza ujira. Anayewaajiri ahakikishe wana nguo za baridi, mahali pa kulala na bima, na kila asubuhi, kabla ya safari kuanza, awaulize hali zao.