Chungu Kimoja, Figo Tofauti: Hoja juu ya Usalama wa Chumvi ya Potasiamu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki chumvi hutiwa chunguni mara moja, na mkono mmoja. Anayepika huonja, huongeza kidogo, huonja tena, kisha hufunika. Baada ya hapo bibi mwenye presha, baba anayetumia dawa za kisukari, mama mjamzito na mtoto wa miaka minne hula mchuzi uleule. Jambo hili ni la kawaida mno hata halihesabiwi kuwa hoja ya kitaaluma. Lakini ndilo linaloamua kama mapendekezo ya wataalamu kuhusu chumvi iliyopunguzwa sodiamu yatafika mezani au yataishia kwenye karatasi.

Mapendekezo hayo sasa yapo. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo unaosema kwamba, kwa wanaotumia chumvi nyumbani, chumvi ya kawaida inaweza kubadilishwa kwa ile ambayo sehemu ya kloridi ya sodiamu imeondolewa na mahali pake pakawekwa kloridi ya potasiamu. Pendekezo hilo limewekewa masharti. Linawahusu watu wazima. Linawaacha nje wajawazito, watoto, na wenye hitilafu ya figo au hali nyingine inayouzuia mwili kutoa potasiamu. Halihusu vyakula vya viwandani wala vya mikahawani. Kila sharti, likisomwa peke yake, lina mantiki. Yakiwekwa yote mbele ya chungu nilichokieleza, unabaki na bibi anayeruhusiwa, mjukuu asiyeruhusiwa, na kijiko kimoja.

Nadai hapa kwamba mjadala wa usalama wa chumvi hii umekwama kwa sababu umepimwa kwa kipimo cha mtu mmoja mmoja, ilhali chumvi hutumiwa na kaya. Ushahidi wenyewe, ukitazamwa ulivyokusanywa, unaniunga mkono.

Tuanze na utafiti mkubwa kuliko yote, uliofanyika katika vijiji 600 vya mikoa mitano ya China na kuchapishwa mwaka 2021. Washiriki walikuwa 20,995, wengi wao watu waliokwisha kupata kiharusi, waliobaki wakiwa wazee wa miaka 60 na zaidi wenye shinikizo la juu la damu. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu. Nusu nyingine viliendelea na chumvi ya kawaida. Kwa wastani watu hao walifuatiliwa kwa miaka 4.74. Viharusi vilikuwa 29.14 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka katika vijiji vya chumvi mpya, dhidi ya 33.65 katika vile vingine. Vifo vya sababu zote vilikuwa 39.28 dhidi ya 44.61. Hatari iliyoogopwa zaidi, yaani potasiamu kupanda katika damu hadi kuleta madhara makubwa, haikutofautiana: 3.35 dhidi ya 3.30.

Tarakimu hizo zimenukuliwa sana. Kinachonukuliwa kwa nadra ni nani aliyeachwa nje. Mtu hakuandikishwa iwapo yeye mwenyewe, au mtu yeyote anayeishi naye nyumba moja, alijulikana kuwa na ugonjwa mkubwa wa figo, au alitumia virutubisho vya potasiamu au dawa za kukojoza zinazobakiza potasiamu mwilini. Rudia kusoma: au mtu yeyote anayeishi naye nyumba moja. Watafiti walijua kwamba hawampi mtu chumvi, wanaipa nyumba. Waliowaacha pia ni wale wanaokula zaidi nje ya nyumbani, kwa sababu iyo hiyo.

Tafiti nyingine zina sura ileile. Huko Taiwan, katika makazi ya wanajeshi wastaafu, kilichogawanywa kwa bahati nasibu ni majiko matano yaliyowalisha wanaume 1,981, na waliolishwa chumvi yenye karibu nusu ya kloridi ya potasiamu walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 40. Katika mkoa wa Tumbes, kaskazini mwa Peru, vijiji sita viliingizwa kwenye chumvi mpya kimoja baada ya kingine. Shinikizo la damu lilishuka kwa kiasi kidogo tu, ila watu waliokuwa hawana presha walipungukiwa na hatari ya kuipata kwa karibu nusu. Kati ya makao 48 ya wazee nchini China, nusu yalibadilishiwa chumvi ya jikoni, nako tarakimu ya juu ya shinikizo la damu ikashuka kwa milimita 7.1 za zebaki. Jiko, kijiji, makao: hakuna hata utafiti mmoja kati ya hizi uliomkabidhi mtu mmoja kichupa chake. Basi inashangaza kidogo kuona matokeo yaliyopatikana kwa jiko zima yakigeuzwa kuwa ushauri kwa mtu binafsi.

Ili kuona kwa nini jambo hili lina uzito, lazima tuingie ndani ya figo. Potasiamu karibu yote ya mwili, kiasi cha asilimia 98, imo ndani ya seli. Kidogo kilichobaki katika damu hudhibitiwa kwa ukali, kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita, kwa sababu mapigo ya moyo yanategemea tofauti hiyo ya ndani na nje. Mlo ukileta potasiamu zaidi, figo nzima huitoa ndani ya saa chache, tena katika kuitoa huachia na sodiamu: vijifereji vya figo vikihisi potasiamu imetosha, hupunguza kazi ya kuirudisha chumvi mwilini. Ndiyo maana chumvi hii hufanya kazi mara mbili, inapunguza kinachoingia na kuharakisha kinachotoka. Figo iliyochoka haiwezi. Potasiamu hujaa, misuli hulegea, na moyo unaweza kusimama bila onyo la maana. Dawa nazo zimo: enalapril na losartan, zinazotolewa kila siku katika kliniki zetu za presha, na zaidi ya hizo spironolactone, hupunguza uwezo wa figo kutoa potasiamu.

Wingi wake tuuone kwa hesabu ya jikoni. Gramu tano za chumvi ya kawaida zina takriban gramu mbili za sodiamu, ambazo ndizo ukomo wa siku kwa mtu mzima kwa mujibu wa WHO. Gramu tano za chumvi yenye robo ya potasiamu zina gramu 1.5 za sodiamu na karibu gramu 0.65 za potasiamu. Hiyo ni sawa na ndizi mbivu moja na nusu. Kwa mtu mwenye figo nzima ni kidogo mno kuogopwa. Mlo wa maharagwe na matoke unaizidi. Kwa mgonjwa aliyekwisha kuambiwa aache ndizi na madafu, ni ndizi moja na nusu ambayo hakuiona ikiingia.

Hofu hii si ya kubuni, na historia ya vibadala vya chumvi inatudai unyenyekevu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Wamarekani waliokatazwa chumvi waliuziwa kloridi ya lithiamu kama kibadala. Baadhi yao walikufa, na mwaka 1949 bidhaa hizo zikaondolewa sokoni. (Mwaka uleule, huko Australia, John Cade alichapisha taarifa kwamba lithiamu hutuliza wagonjwa wa wazimu wa furaha, dawa na sumu zilipishana mlangoni.) Potasiamu si lithiamu, mwili unaihitaji na watu wengi hawaipati ya kutosha. Lakini anayeanza mjadala kwa kusema kwamba kibadala cha chumvi ni chumvi tu, asilaumiwe mtu akimkumbusha 1949.

Hata hivyo hofu inapaswa kuwekwa kwenye mizani, na ubao wa pili wa mizani una chumvi ya kawaida, ambayo hatujazoea kuiita hatari. WHO inahusisha vifo milioni 1.9 kwa mwaka duniani na sodiamu iliyozidi. Kwa China, hesabu ya kimodeli iliyochapishwa mwaka 2020 ilikadiria kwamba kubadili chumvi nchi nzima kungezuia vifo karibu 460,000 vya moyo na mishipa kwa mwaka, na kungesababisha vifo kama 11,000 vya potasiamu kwa wagonjwa wa figo. Hata ndani ya kundi hilo la wagonjwa, waliookolewa walizidi waliopotea. Modeli ni modeli. Naikubali kama dalili ya upande gani mizani inaelemea, siikubali kama ruhusa ya kuwasahau hao 11,000, hasa kwetu, ambako hatuwajui ni akina nani.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Uchunguzi wa jamii uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, wa mjini wakiwa 15.2 na wa vijijini 2. Kati ya waliokutwa nao, ni kama mmoja kwa kumi tu aliyejua. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja. Onyo linalosema chumvi hii isitumiwe na mwenye ugonjwa wa figo linamfikia mmoja, linawapita tisa. Na presha ya muda mrefu huharibu figo, kwa hiyo bibi wa presha, ambaye chumvi hii ilitengenezwa kwa ajili yake, na bibi wa figo, ambaye chumvi hii inamkataa, mara nyingi ni mtu mmoja.

Kuna pia kikwazo cha kawaida kabisa. Onyo huandikwa kwenye pakiti. Chumvi ikifika nyumbani humiminwa kwenye kopo, pakiti ikatupwa.

Wanaosema tusubiri hadi kila mtu apimwe figo wanapendekeza, bila kukusudia, kwamba viharusi viendelee wakati tunasubiri. Wanaosema iingizwe tu kwenye maduka, kama madini joto yalivyoingizwa kwenye chumvi, wanasahau kwamba madini joto hayakuhitaji kujua nani ana figo gani. Njia iliyopo katikati inaanzia kliniki ya presha. Mgonjwa anayekuja kuchukua dawa tayari yuko mbele ya mhudumu. Apimwe kreatinini katika damu, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na pale isipopatikana apimwe angalau protini katika mkojo. Kisha aulizwe swali ambalo sijaliona kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaziwa: nani mwingine anakula chungu chako? Kaya isiyo na mgonjwa wa figo wala mtumiaji wa dawa zinazobakiza potasiamu mwilini iitwe kaya ya chumvi mpya, na ijadiliwe hivyo, kwa pamoja, na yule anayepika awepo. Kuhusu wajawazito na watoto, walioachwa nje na mwongozo, maelezo lazima yawe wazi kwamba kaya yao inasubiri.

Bei itabaki kuwa tatizo. Huko China chumvi hiyo iligharimu takriban dola 1.62 kwa kilo dhidi ya 1.08 za kawaida, na kloridi ya potasiamu kwetu inafika zaidi kama mbolea kuliko kama chakula. Lakini ladha yake si ngeni kama inavyodhaniwa. Waluhya wa magharibi mwa Kenya hadi leo huchuja majivu ya maganda ya maharagwe kupata musherekha wa kulainishia mboga, na chumvi ya majivu ya mimea kwa sehemu kubwa ni potasiamu. Magadi, yanayowekwa pamoja nayo katika fikra za wengi, ni sodiamu tupu, na mgonjwa wa presha anayeacha chumvi huku akipikiwa makande ya magadi hajaacha kitu. Vilevile chumvi ya waridi inayouzwa ghali katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam ni kloridi ya sodiamu karibu yote.

Leo katika nyumba zenye mgonjwa wa presha, chakula chake hutengwa kabla ya chumvi kutiwa. Hula chapwa, na wengi huacha baada ya muda. Chumvi mpya ingemrudisha kwenye chungu cha wote. Anayetengwa angekuwa mwingine, yule wa figo, na kabla ya kumtenga ingebidi nyumba ijue kwamba inaye.