Neno 'pombe' lina historia ndefu kuliko lawama zake

Desemba iliyopita mpwa wangu anayeishi Marekani alikuja kututembelea nyumbani Masimba, kule Nyaribari Masaba. Madaktari wamemkataza ngano na shayiri, kwani gluteni iliyomo humdhuru utumbo. Jioni moja akaniuliza, "Mjomba, huku kuna bia isiyo na gluteni?"

Kabla sijajibu, mama yangu akadakia, "Hiyo gluteni ndiyo nini?"

Nikamweleza kuwa ni ile protini inayofanya unga wa chapati uvutike. Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, maana yake gundi. Mama akacheka. "Kumbe! Basi sisi tuliipika bia hiyo miaka na mikaka. Wimbi lina gundi gani? Jaribu kulipikia chapati uone kama haitakatika."

Hakukosea. Wimbi, mtama na mahindi havina gluteni. Wazee wa Gusii walipoketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, walikunywa amarwa ya wimbi. Aliyetaka shamba lilimwe kwa siku moja aliwaita majirani, nayo pombe ikawa sehemu ya shukrani.

Kazi hiyo ilikuwa na msamiati wake. Wimbi huloweshwa, likaachwa limee, likaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea, nomino iliyotokana na kitenzi kumea. Unga mwingine hukandwa kwa maji, ukaachwa uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya moto. Vyote hutiwa maji chunguni. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Baada ya siku chache pombe huchujwa. Leo ni vijana wangapi wanaoweza kutofautisha kimea na hamira?

Sasa msomaji, hebu tulitazame neno pombe lenyewe. Mnamo 1893 Mjerumani Paul Lindner alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Humo akapata hamira inayojigawa katikati, tofauti na ile ya mkate ambayo huchipuza. Akaipa jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe hii hii yetu! Mwingereza Paul Nurse aliitumia hamira hiyo kueleza jinsi seli zinavyogawanyika, elimu inayosaidia kuielewa saratani. Mwaka 2001 akatuzwa Nobeli pamoja na wenzake wawili.

Huku kwetu neno hilo lilifuata njia nyingine. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa 1922, na bia ya shayiri ikaja na chupa na heshima zake. Polepole bia ikawa ya waungwana na pombe ikawa ya walevi. Sheria ya 1971 ilitaka anayepika pombe ya kienyeji awe na leseni, na ile ya 1980 ikapiga marufuku chang'aa. Zote mbili zilifutwa 2010, ila leseni bado inahitajika. Siitetei chang'aa, maana imetuzikia vijana na kupofusha wengine. Ninachosema ni kwamba kinywaji cha wimbi na kile cha mtutu si kitu kimoja, na tulipovitia vyote katika kapu moja la lawama tuliyatupa pia maarifa ya mama zetu.

Maarifa hayo yana faida hata leo. Mpwa wangu alitaka aende akaonje busaa ya wauzaji. Mama akamzuia: "Kwanza uliza kimea chao ni cha nini." Swali zuri hilo. Mpishi akichanganya kimea cha wimbi na cha ngano au shayiri, au akisaga kwenye kinu kilichotoka kusaga ngano, jina la kinywaji halibadiliki lakini mgonjwa ataumia.

Mama hapiki pombe tena. Alimkorogea uji mchachu wa wimbi alilochagua na kulisaga mwenyewe kwa jiwe. Kijana alikunywa vikombe viwili, kisha akatoa daftari. "Nyanya, nielezee tena. Kimea unakianika siku ngapi?"

Nami nikatafuta kalamu.